Jina Nalo Liwekwe Wakfu

Mhadhara kwa vijana wa programu huria, Manzese, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliofika, dada na kaka zangu: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na ninyi mliokaa nyuma karibu na feni, mambo?

Nimesikia "poa". Asanteni. Hiyo salamu mliyoitikia bila kufikiri iliwahi kuwa jina la programu ya kompyuta iliyotumika dunia nzima, jina likagombewa mpaka likafa. Nitalirudia.

Mlioniita mlinieleza shauri lenu hivi. Kwa miaka kadhaa mmekuwa mkiandika programu na kuziacha wazi, anayetaka achukue, arekebishe, agawe. Hamna ofisi, hamna katiba, hamna akaunti ya benki isipokuwa simu ya mweka hazina. Sasa mnataka kujiandikisha kuwa taasisi. Hapo ndipo mlipokwama: nusu yenu mnasema taasisi mpya ipate jina jipya, lenye suti na tai, kwa sababu la sasa lilizaliwa kijiweni na mfadhili akilisikia anacheka. Nusu nyingine wanasema jina likiguswa wanatoka. Nimeambiwa kikao cha mwisho kilivunjika saa nne usiku.

Jibu langu nalitoa mapema, ili anayewahi mwendokasi asiondoke mikono mitupu. Msibadili jina. Sababu ya kulibadili ninayoikubali ni moja tu: jina likiwa mikononi mwa mtu mwingine na hataki kuliachia. Saa iliyobaki ni ya kueleza kwa nini sababu hiyo ni moja, na kwa nini ina meno.

Leo nimefika mapema. Nimeshuka kituo cha Argentina, nikamwonyesha kijana wa bodaboda karatasi yenye jina la duka mlilonielekeza kama alama ya kufikia ukumbi huu. Ameisoma mara mbili, akatikisa kichwa. Akamwita mwenzake, naye hakulijua. Nikasema, basi, ni duka la jumla, wanauza viatu vya mitumba, liko jirani na mashine ya kusaga. "Aaa, kwa Mangi! Sema hivyo mzee." Tukafika kwa dakika tatu. Mwenye duka si Mangi. Kwa lafudhi yake angekuwa mtu wa Songea, na ameniambia alilinunua miaka sita iliyopita. Akapaka ukuta rangi ya bluu, akaandika jina refu la Kiingereza linaloishia na Enterprises. Ukisogea karibu, chini ya bluu unaziona herufi za zamani zimevimba kama kovu. Fundi wa rangi hakugusa maneno matatu yaliyo chini kabisa, karibu na mlango, kwa kuwa hata mwenye duka mpya aliyahitaji: JUMLA NA REJAREJA.

Shikeni neno hilo la kwanza.

Mwaka 2001 kampuni ya Miro, ya Melbourne kule Australia, iliifanya huria programu yake ya kutengenezea tovuti, chini ya leseni ya GPL. Programu hiyo iliitwa Mambo. Watu wa nchi nyingi wakaipenda, wakaingia kuiandika usiku baada ya kazi zao, kama mnavyofanya ninyi. Baada ya miaka minne sehemu kubwa ya kazi ilikuwa mikononi mwa waandishi wa kujitolea. Kampuni ilibaki imeshika kitu kimoja ambacho hakuna aliyekitazama sana. Ilishika jina.

Agosti 2005 Miro ikaunda taasisi isiyo ya faida, Mambo Foundation. Kwa mtu wa nje ni habari njema: jumuiya imepata nyumba. Ila waandishi wakuu walipoitazama nyumba hiyo waliona funguo haziko kwao. Tarehe 17 Agosti 2005 walitoa tamko wakaondoka, kundi zima la waandishi wakuu, na Andrew Eddie akiwa mbele yao. Msimbo waliondoka nao wote, maana leseni inawaruhusu, na hakuna mahakama ambayo ingewazuia. Jina hawakuweza kuondoka nalo.

Kwa hiyo mnaposoma kwamba jumuiya fulani "ilijipa sura mpya" ilipounda taasisi, ulizeni kwanza kama ilitaka au ilifukuzwa. Hawa walifukuzwa na jina. Tarehe 1 Septemba walitangaza jina jipya, na kabla mwezi huo haujaisha toleo la kwanza lilikuwa limetoka. Kwa sehemu kubwa ilikuwa Mambo ileile, kibao kimebadilishwa. Jina jipya liliandikwa Joomla. Lisomeni kwa sauti. Ni jumla, neno letu, limeandikwa kwa masikio ya Mwingereza, na wenyewe walieleza kwamba wamelichukua katika Kiswahili kwa maana ya wote kwa pamoja. Sisi wenyewe tulilipata kwa Waarabu, kwa hiyo tusiwadai. Ila nacheka kila nikifikiri kwamba huko New York walikoandikisha shirika lao, Open Source Matters, hapakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba Manzese neno hilo ni bei ya robota. Hata majina ya matoleo yao wameendelea kuyachota kwetu: baadhi ya matoleo ya tatu waliyaita Amani, na toleo la 4.0 la Agosti 2021 likaitwa Furaha.

Mambo yenyewe ilibaki na jina, na taasisi, na nembo. Waandishi haikuwa nao. Toleo lake la mwisho lilitoka 2008.

Najua mtakalosema, kwa sababu nimeshaona mkono wa yule bwana: basi Joomla ni ushahidi kwamba kubadili jina kunalipa. Hapana, mwanangu. Joomla walilipa deni, na walilimudu kwa sababu waliondoka wote siku moja na walifanya haraka. Wangegawanyika, nusu wakabaki kwa kulipenda jina, leo tusingeijua Mambo wala Joomla. Miaka minne walikuwa wanapika chini ya kibao cha mtu mwingine. Siku walipotaka kusema hapa ni petu, mwenye kibao alikishusha akaenda nacho.

Hapa pana jambo linalowachanganya hata waandishi wazoefu, na nitalieleza taratibu. Leseni huria inatoa mapishi. Haitoi kibao. Mama ntilie akikufundisha pilau yake, viungo na vipimo vyote, una ruhusa ya kuipika Kigogo na kuiuza. Ukiandika juu ya banda lako jina lake yeye, umewadanganya walaji, na hiyo ni kesi nyingine kabisa, ya alama ya biashara. Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, waliikazia kanuni hii mpaka Debian, watu wa huria kuliko wote, wakalazimika mwaka 2006 kuigawa Firefox kwa jina la Iceweasel. Msimbo ni uleule, jina limenyimwa. Ilichukua miaka kumi mpaka wakapatana na jina likarudi. Kwa hiyo ninyi mnaosema "yetu yote ni huria, hatuna cha kuibiwa", mnacho. Ni jina, na kwa kuwa hamjaliandika popote, yeyote anaweza kuliokota.

Sasa kisa cha pili, na hiki kilipita nyumbani kwetu. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, ya kuandikia barua na kupigia hesabu, ikaitwa Jambo OpenOffice. Mliozaliwa mwaka huo sasa mna ndevu. Watu walikaa kwa siku nyingi kuamua tuite nini faili, tuite nini kidirisha, na mengi ya maneno mnayoyatumia leo mkizungumzia kazi zenu yalipigiwa nyundo katika kazi hiyo na nyinginezo za wakati huo.

OpenOffice yenyewe ilikuwa na mwenyewe, kampuni ya Sun. Januari 2010 Oracle ikakamilisha kuinunua Sun, na jina likahama na mali nyingine, kama kiti kinavyohama nyumba inapouzwa. Tarehe 28 Septemba 2010 waandishi wakatangaza taasisi yao, The Document Foundation. Walichofanya siku hiyo ndicho ninachotaka mkiweke moyoni: walitangaza LibreOffice kuwa jina la muda, na papo hapo wakaiomba Oracle iwape jina la zamani kama sadaka kwa jumuiya. Kubadili hawakutaka. Oracle ilikataa. Jina la muda likawa la kudumu. Fedha za kuiandikisha taasisi kule Ujerumani, euro elfu hamsini, walizichangisha kwa watumiaji mwanzoni mwa 2011 zikapatikana kwa siku nane, na Februari 2012 ikaandikishwa Berlin.

Mtasema: waliishia vizuri. Ndiyo, LibreOffice ndiyo hai. Lakini gharama msiifunike. Juni 2011 Oracle ililitoa jina la OpenOffice na msimbo wake kwa taasisi ya Apache, na OpenOffice ikaendelea kuwapo, polepole, wakati kazi yote kubwa ikifanyika kwa jirani. Mtu wa kawaida anayetafuta programu ya bure anaandika jina alilolisikia zamani, anapakua ile iliyozeeka, anaikuta haifungui faili vizuri, anasema huria ni takataka. Oktoba 2020, miaka kumi baada ya kuhama, Document Foundation bado walikuwa wanaandika barua ya wazi kuwaomba wenye jina la zamani wawaelekeze watumiaji kwa LibreOffice. Mnataka kuanza kazi hiyo ninyi, na hakuna aliyewafukuza?

Naona muda. Niseme la nyumbani zaidi.

Mliokulia huku mnakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, watu wa Jangwani wakahamishiwa Mabwepande. Miezi michache kabla yake, hapo Tandale, wakazi na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walikuwa wametembea na vifaa vya GPS wakiichora kata yao kwenye OpenStreetMap: vichochoro, visima, vyoo, mifereji. Kutoka katika kazi za namna hiyo, mwaka 2015 ikaanza Ramani Huria, ikachora kata baada ya kata za jiji hili, hasa zile zinazofikwa na maji. Ukiwauliza wajumbe wa mitaa ile, watakuambia "vijana wa Ramani Huria". Ulipofika wakati wa kuwa na shirika lililoandikishwa, lenye bodi na hesabu za kukaguliwa, shirika lililotokana na kazi ile likaitwa OpenMap Development Tanzania. Wengi mtaani hawalijui, wala hakuna hasara, kwa sababu Ramani Huria haikufutwa. Jina la kwenye karatasi lipo kwa ajili ya benki na mikataba. Jina la kazi limebaki pale watu walipolizoea.

Hilo ndilo suluhisho la ugomvi wenu wa saa nne usiku, na nashangaa hakuna aliyelitaja. Nyumba na kazi si lazima ziitwe jina moja. Mfadhili apewe jina lenye tai kwenye karatasi ya juu ya barua, Kiingereza kirefu kadiri apendavyo. Programu ibaki na jina lake la kijiweni. Mozilla ni nyumba, Firefox ni kazi. Na anayeona haya kwa jina la utani amwulize kondakta yeyote: Tandale kwa Tumbo, Mwananyamala kwa Kopa, Mbagala Rangi Tatu. Manzese hii yenyewe ilitolewa Kinondoni ikapelekwa Manispaa mpya ya Ubungo. Mihuri ilibadilika, barua zikabadilika vichwa. Kuna aliyesema tuite Manzese kwa jina jingine?

Nisiwe mkaidi kupita kiasi. Yapo mabadiliko ya jina yaliyofaa. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TAA kiligeuka TANU, na ilistahili, kwa sababu kilichotoka kwenye mkutano ule hakikuwa chama kilekile: kilikuwa kimeamua kudai nchi. Simba nao walikuwa Sunderland mpaka 1971. Jina la mji wa Kiingereza halikuwa lao tangu mwanzo. (Wana Yanga, nyamazeni.) Na hiyo Firefox niliyoitaja ilianza kama Phoenix mwaka 2002, ikakuta jina lina mwenyewe, ikawa Firebird, ikakuta tena lina wenyewe, ndipo Februari 2004 ikatulia. Iliponea kwa sababu toleo la 1.0 lilikuwa halijatoka. Mtoto ambaye hajaitwa shuleni unaweza kumbadili jina. Akishaandikwa kwenye cheti, utazunguka ofisi mpaka viatu viishe. Programu yenu mmeniambia inatumika kwenye maduka ya dawa na vikundi vya kuweka na kukopa. Huyo ameshaandikwa.

Sasa nikiri la kwangu. Zamani kidogo nilikuwa katika kikundi kama chenu, watu saba. Jina letu lilianza kujulikana. Anwani ya tovuti ilikuwa imelipiwa na mwenzetu mmoja kwa kadi yake, kwa barua pepe yake, kwa sababu siku ile ndiye pekee aliyekuwa na kadi ya benki iliyokubali kulipa nje. Hakuna aliyeona ubaya, wala yeye hakuwa na nia mbaya. Akapata masomo nje ya nchi, akabadili namba, barua pepe ile akaiacha. Siku anwani ilipokwisha muda tuliamka tukakuta kwenye jina letu kuna matangazo ya kubeti. Tulipomfuata anayeiuza anwani hiyo alitaja bei ambayo sisi saba tusingeifikisha kwa mwaka. Tukabadili jina. Tukatengeneza nembo nzuri kweli, ya kijani. Watumiaji hawakutufuata, kwa sababu hawakujua kuwa tumehama, na kikundi kikafa huku kina nembo mpya. Simlaumu yule ndugu. Tulikuwa na mikutano arobaini kuhusu rangi za ukurasa, wala hatukuwa na hata mmoja kuhusu nani ameshika ufunguo.

Kiswahili kina neno ambalo Waingereza wanalizunguka kwa kusema foundation. Sisi tunasema wakfu. Mtu wa pwani halihitaji kufasiriwa. Kisima kikiwekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hakigawanywi wala talaka haikigusi. Msimamizi ana ufunguo, ila si mali yake, na akifa ufunguo unakwenda kwa msimamizi mwingine, si kwa wanawe. Zanzibar ina kamisheni nzima ya serikali kwa kazi hiyo. Mnachotaka kukifanya ni wakfu, mkitaka msitake kukiita hivyo. Kosa la Mambo lilikuwa kwamba taasisi iliundwa na wenye jina, wenye jasho wakabaki nje ya mlango. Kosa letu sisi saba lilikuwa kwamba jina lilikaa mfukoni mwa mtu.

Kwa sheria za hapa njia zipo. Mnaweza kuandikishwa kwa Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali, chini ya sheria ya 2002. Mnaweza kuunda bodi ya wadhamini ikaandikishwa RITA, na hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi na wakfu niliousema, kwa kuwa mali inashikwa na bodi, wadhamini wakibadilika bodi inabaki. Wakili wenu atawaambia ipi inawafaa. Mimi si wakili. Lakini kuandikisha taasisi hakulindi jina la programu. Alama ya biashara ni ombi jingine, linapelekwa BRELA, na cheti cha Bara hakivuki maji: Zanzibar wana daftari lao. Mkiwa na watumiaji Unguja na Pemba, mlipe mara mbili.

Kuna kijana amenitumia karatasi: "Mzee, je, kama wenzetu wataondoka na msimbo na jina wakatuachia taasisi tupu?" Msimbo waachie, ni haki yao, ndiyo maana mliuita huria. Jina hawataondoka nalo likiwa la bodi. Ila kama wameondoka wote, kijana, basi tatizo lenu si jina, na kesho yake taasisi iliyobaki iitweje haitamshughulisha mtu.

Jumatatu, kabla hamjamwita mchora nembo, teueni watu wawili wafuatilie mambo matatu: anwani ya tovuti imesajiliwa kwa barua pepe ya nani, akaunti inayotunza msimbo ina nywila ya nani, na kama kuna mtu ameshapeleka jina lenu BRELA. Waje na majibu yameandikwa, yasomwe kikaoni mbele ya wote. Mkikuta yote matatu ni ya mtu mmoja, mpeni soda, mumshukuru, na asitoke ukumbini kabla hajasaini hati ya kuikabidhi bodi.